Jeki Huficha Mlio

Mlio wa kugonga mbele ya gari una tabia inayowachosha wenye magari na mafundi vilevile: husikika gari likitembea, kisha hupotea gari likinyanyuliwa ili litazamwe. Tairi likiwa linaning'inia, fundi hulitikisa, hushika hiki na kile, na hakuti kinachocheza. Jeki ikishushwa na gari likarudi kwenye mashimo, ko-ko-ko inaanza tena palepale. Hapo ndipo safari ya kubahatisha huanza. Leo bushi, wiki ijayo shokapu, mwisho wa mwezi boli jointi, na mlio haujaenda popote. Chanzo chake kilikuwepo muda wote, ila kilihitaji uzito wa gari ili kijitokeze, na jeki iliuondoa uzito huo kabla ya mtu yeyote kutazama.

Magari mengi madogo ya Afrika Mashariki, hasa Toyota za mtumba kutoka Japani kama Vitz, IST, Corolla na Premio, yana mguu wa mbele wa aina moja. Uliundwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940, na Ford ya Uingereza ikauingiza kwenye Consul na Zephyr zilizooneshwa mwaka 1950. Springi na shokapu vimeunganishwa kuwa nguzo moja. Juu, nguzo hiyo imefungwa kwenye bodi kwa mauntingi ya mpira yenye beringi; chini inashikwa na amu ya chini, ambayo ina bushi mbili upande wa bodi na boli jointi upande wa tairi. Usukani husukuma tairi kwa kupitia reki na tairodi. Chuma kirefu cha stabilaiza huunganisha mguu wa kulia na wa kushoto kwa linki mbili fupi. Kwa hiyo vinavyoweza kugonga si vingi, na kila kimoja kina wakati wake wa kugonga.

Kwa sababu hiyo fundi mzuri wa chini ya gari haanzi na spana. Huanza na mwenye gari. Bosi, linagonga ukipita tuta au ukipita mashimo? Linagonga ukikanyaga breki? Ukikata kona ukiwa umesimama? Mara moja tu, au mfululizo? Halafu huomba ufunguo na kwenda kusikiliza mwenyewe, taratibu, vioo vyote vikiwa chini, redio imezimwa. Kabla ya hapo huwa ameshafungua buti na kutoa jeki, spana na tairi la akiba, maana kitu kilicholegea nyuma kinaweza kusikika kana kwamba kiko mbele. Chuma cha bodi husafirisha sauti mbali na chanzo chake. Mlio wa mguu wa kulia huweza kusikika chini ya kiti cha abiria wa kushoto, na dereva akaapa kwamba ndiko ulikotoka.

Barabarani kuna jaribio la breki ambalo halihitaji kifaa chochote. Gari likipita kwenye kipande kibovu cha barabara huku likigonga, breki huguswa kwa mguu kidogo mno, kiasi cha kuzikaza pedi tu bila kupunguza mwendo. Mlio ukikatika papo hapo, wa kushukiwa kwanza ni pedi zilizolegea au pini za kalipa zilizolika. Mtu huweza kuwa amebadilishiwa shokapu mbili kwa kosa la klipu ndogo ya pedi.

Linki ya stabilaiza ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa subira zaidi, kwa kuwa ndiyo inayogonga mara nyingi na ndiyo inayojificha vizuri kuliko zote. Ni fimbo fupi ya chuma yenye kijiboli kila upande, kimoja kikishikilia ncha ya stabilaiza na kingine nguzo ya shokapu au amu, kulingana na gari. Kazi ya stabilaiza ni kuzuia gari lisilale sana kwenye kona. Matairi yote mawili yakipanda pamoja, chuma hicho huzunguka tu ndani ya bushi zake na linki hazibebi mzigo wa maana. Tairi moja likipanda na lingine likabaki chini, chuma hujipinda, na nguvu yote ya kujipinda huko hupita kwenye vijiboli vile.

Ndiyo maana tuta lilelile huweza kutoa majibu mawili tofauti. Gari likilipanda limenyooka, tairi zote kwa pamoja, huwa kimya. Likilipanda kwa ubavu, tairi moja likitangulia, ko-ko. Dereva anayesema gari lake halina shida kwenye matuta makubwa ya barabarani, ila linapiga kelele kwenye barabara ya mtaani yenye vishimo vya huku na huku, ameshamaliza nusu ya kazi ya fundi bila kujua. Swali la kulipanda tuta kwa kunyooka au kwa ubavu ni la thamani kubwa, na inasikitisha kwamba haliulizwi katika gereji nyingi.

Gari likifika gereji, jeki huharibu ushahidi kwa namna ya pekee. Upande mmoja ukinyanyuliwa, mguu huo hushuka na mwingine hubaki juu, kwa hiyo stabilaiza hujipinda na kuivuta linki kwa nguvu nyingi. Kijiboli kilicholika hubanwa upande mmoja wa kikombe chake na hakichezi hata kikipigwa kwa nyundo. Fundi hukitikisa, hukuta kigumu, na hukipitisha kuwa kizima. Pande zote mbili zikinyanyuliwa, mvutano huo huondoka, lakini mkono peke yake hauna nguvu ya kufanya kile ambacho barabara hufanya.

Jibu ni kuliacha gari lisimame kwa matairi yake yote manne, juu ya shimo la gereji au kwenye lifti ya kupandia magurudumu. Kamwe mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Mtu mmoja husimama pembeni na kulitikisa gari ubavu kwa ubavu, akilisukuma kwenye ukingo wa paa ili lilale kidogo huku na kidogo kule. Fundi, akiwa chini, huweka ncha za vidole pale kijiboli kinapoingia kwenye kikombe, nusu ya kidole juu ya chuma hiki na nusu juu ya kile. Havibani, bali huvigusa tu. Linki nzima huhisiwa kama kitu kimoja kinachosogea pamoja. Iliyolika hutoa mshituko mdogo chini ya kidole kila gari linapogeuza upande, hata pale ambapo sikio halikusikia kitu. Vidole huhamishwa kwenda linki ya pili, kisha kwenye bushi za stabilaiza zilizofungwa kwenye krosimemba, na hapo mgonjwa hutambulika bila spana kuzungushwa hata mara moja.

Anayetaka uthibitisho zaidi hufungua linki zote mbili, huzifunga kwa waya zisigonge popote, na hulizungusha gari uwanjani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Likinyamaza, kesi imekwisha. Gari la namna hiyo halipaswi kuingia barabarani, kwa sababu hulala sana kwenye kona.

Boli jointi ya amu ya chini nayo hupimwa kwa kufuata swali lilelile la uzito. Ni boli ndani ya kikombe, mfano wa nyonga ya mtu. Katika mguu wa MacPherson uzito wa gari hushuka kwa nguzo ya springi, hivyo boli jointi haibebi gari. Gari likinyanyuliwa kwa bodi na tairi likaning'inia, wenzo huingizwa kati ya amu na nako ya tairi, na kucheza kwake huonekana. Kwenye Hilux za kizazi cha Vigo mambo hugeuka. Springi imekaa juu ya amu ya chini, na boli jointi ya chini ndiyo inayobeba mzigo. Jeki ikiwekwa kwenye chesi, springi huisukuma amu chini na kuikaza jointi, na ubovu hufichika. Jeki lazima iwekwe chini ya amu yenyewe, karibu na tairi, ndipo jointi ilegee na kuonesha hali yake. Fundi aliyezoea Corolla anaweza kuipitisha Hilux mbovu kwa nia njema kabisa.

Hapa hakuna la kufanyia mzaha. Linki ikikatika, gari hulala kwenye kona na kupiga kelele. Boli jointi ikichomoka, tairi hukunjika nje, gari huanguka upande huo na usukani huwa hauna kazi tena. Dalili ya mapema ni mpira wake kupasuka: grisi hutoka, mchanga na maji ya mvua huingia. Jointi inayocheza inaweza kudumu kiasi gani kabla ya kuchomoka? Hakuna kilomita anazoweza kuahidiwa mtu, na bado magari mengi huendeshwa kwa ahadi hiyo.

Mengine ni mepesi zaidi kuyatambua. Gu moja nzito wakati wa kuondoka na nyingine wakati wa kufunga breki ni bushi za amu. Gari likiendeshwa mbele na nyuma uwanjani huku likifungwa breki, mtu aliyesimama kando huliona tairi likisogea ndani ya madigadi. Usukani ukizungushwa gari likiwa limesimama, na mkono uliowekwa kwenye springi ukahisi ikiruka ghafla, ni mauntingi ya juu au beringi yake. Tak-tak-tak ya mfululizo kwenye kona kali huku mafuta yamekanyagwa hutoka kwenye jointi ya ekseli. Tairi likicheza likishikwa juu na chini, mwenzake fundi hukanyaga breki: kucheza kukiisha, ni beringi ya tairi; kukibaki, ni boli jointi au kitu kingine cha mguu.

Uzito unarudi tena siku ya kufunga. Bushi ya amu ina bomba la chuma nje, bomba lingine ndani, na mpira uliogandishwa katikati ya hayo mawili. Bomba la ndani halizunguki likishakazwa. Amu ikipanda na kushuka, ni mpira unaojipinda. Bolti ikikazwa mguu ukiwa unaning'inia, mpira hukubali mkao huo kuwa ndio wa kupumzika, na gari likishushwa hubaki umejipinda usiku na mchana hadi upasuke. Bolti huachwa zikiwa zimeshika tu, gari hushushwa, hubonyezwa mara kadhaa likae sawa, kisha ndipo zinakazwa. Mteja anayerudi na bushi iliyochanika mapema huambiwa spea ilikuwa feki. Huenda ni kweli, kwa kuwa feki zimejaa madukani. Lakini kasoro ya spea na kasoro ya mkono huacha mpasuko unaofanana, na lawama huenda kwa asiyekuwepo.

Inabaki reki ya usukani. Mlio wake ni mwepesi, wa haraka, hutokea kwenye rasta na vishimo vidogo, na mara nyingi huhisiwa mikononi mwa dereva. Injini ikiwa imezimwa na tairi ziko chini, mtu mmoja huchezesha usukani kidogo kulia na kushoto huku fundi akigusa tairodi, kisha reki yenyewe. Tairodi ikiwa nzima na mshituko ukatoka ndani ya reki, reki nyingi zina nati ya kurekebisha inayokaza springi ndogo inayoibana reki kutoka nyuma ili meno yake yashikane. Watengenezaji hutoa kipimo chake, lakini hukazwa kwa makadirio katika gereji zisizo na kifaa. Ikizidi, mlio hukatika na usukani huacha kurudi wenyewe baada ya kona, jambo la hatari kuliko kelele iliyoondolewa. Baada ya kuikaza, gari hujaribiwa polepole mahali palipo wazi, usukani ukiachiliwa baada ya kukata kona, na nati hulegezwa mara moja usukani usiporudi. Reki inayogonga ikilegezwa na kukwama ikikazwa imelika ndani, na hiyo hubadilishwa.