Pikipiki ya Marehemu Babu: Namna ya Kuifufua Nyumbani

Kuna nyumba katika Kongo yetu ambamo, nyuma ya jiko au chini ya kibanda cha mabati, imelala pikipiki ya zamani. Kuku hutaga chini ya tandiko lake, na watoto huipanda wakicheza safari. Mzee aliyeinunua amekwisha kuzikwa, na wanawe hawapatani. Mmoja ataka kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Mwingine asema hicho ni kiungo cha mwisho cha baba, hakiuzwi. Ubishi huo si mchezo, kwani fedha za nyumba ni chache na karo za shule hazingoji. Maneno haya yameandikwa kwa ajili ya huyo wa pili. Lakini wa kwanza naye na asome, maana huenda hesabu ikamwonyesha kuwa yeye ndiye mwenye haki.

Tuseme chombo chenyewe ni FN. Herufi hizo mbili ni za kiwanda cha Herstal, karibu na mji wa Liège katika Ubelgiji, kilichoanzishwa mwaka 1889 ili kuunda bunduki za jeshi. Tangu mwanzo wa karne ya 20 kiwanda hicho kilitengeneza pia pikipiki, na mwaka 1905 kikatoa ile iliyosifiwa sana, yenye silinda nne zilizopangwa mstari mmoja. Mjini Herstal walikuwapo majirani wawili wa kazi hiyo hiyo, Saroléa na Gillet. Kwa kuwa Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji hadi mwaka 1960, si ajabu kukuta vyombo vya Herstal huku kwetu. FN ya M13, iliyoanza kutolewa mwaka 1947, ni ya silinda moja. Uma wa mbele wa zile za kwanza ulibebwa na mipira badala ya springi, na mipira hiyo leo huwa imekauka kama ngozi ya ngoma. Herstal waliacha kuunda pikipiki katika miaka ya 1960, kwa hiyo usitazamie kukuta kipuri kipya dukani.

Wakristo wana sababu yao ya kukumbuka vyombo vya namna hii. Mwaka 1925, katika nchi ambayo leo ni Namibia, mmisionari Otto Fuhrmann alikufa kwa ugonjwa kwa sababu hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi kwa mganga. Rafiki yake, Padri Paul Schulte wa Shirika la Oblati, ambaye alikuwa rubani, hakuridhika kulia tu. Mwaka 1927 alianzisha chama cha MIVA, ili misioni zipate magari, pikipiki, mashua na hata ndege.

Basi, kabla ya kushika spana, tafuta vyeti vya pikipiki na utazame namba iliyogongwa katika fremu. Namba na vyeti visipopatana, nenda kwanza kwa wenye mamlaka. Wala usikubali fundi aikwangue namba hiyo kwa tupa, hata akikuambia ni kutu tu. Kisha chunguza kama injini imekamilika. Fremu iliyopinda yanyoshwa, tandiko lashonwa upya, lakini injini iliyopasuka kifuniko, tena yenye gia zilizopotea, yaweza kula mshahara wa mwaka mzima isingurume. Hapo ndipo nisemapo kwamba ndugu wa kwanza huenda akawa na haki.

Ikiwa imekamilika, ipige picha pande zote kabla ya kufungua hata nati moja. Zamani fundi alichora karatasini. Leo simu ya kijana yatosha. Kila kundi la nati na bolti litiwe katika kopo lake, na kopo liandikwe. Nimeona vijana hodari wakifungua injini nzima kwa siku moja, kisha wakakaa miezi sita wakiulizana bolti hii ni ya wapi.

Mara nyingi utakuta pistoni imeshikamana na silinda kwa kutu. Hapa pana jaribu kubwa la kupiga nyundo. Usipige. Ondoa plagi, umimine ndani ya silinda vijiko vichache vya mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya injini, kisha uache siku tatu, au wiki nzima. Baadaye tia gia ya juu kabisa, ushike gurudumu la nyuma, ulisukume mbele na nyuma kidogo kidogo. Lisipotii, ongeza mafuta, uende zako shambani. Silinda iliyotolewa kwa subira yaweza kusafishwa ikatumika tena, bali iliyochanwa kwa nguvu yadai kuchongwa upya, na pistoni ya kipimo kipya itafutwe ng'ambo.

Tangi nalo huwa limejaa kutu. Lijaze siki, uliache siku moja au mbili, ulimwage, kisha utie konzi ya nati ndogo na maji, ulitikise kwa nguvu. Ulioshe kwa maji yaliyochujwa katika majivu, ambayo mama zetu wayajua vema, kwa sababu majivu huua ukali wa siki. Likaushe juani na ulipake mafuta ndani mara moja. Likiwa limetoboka, nakuomba usimpelekee mchomeleaji wa njiani akalichomelee hivi hivi. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwani mvuke wa petroli uliobaki humo ukichanganyika na hewa hulipuka kama bomu. Kazi hiyo ni ya fundi ajuaye kuuondoa mvuke wote kwanza, na watoto wasisogee hapo.

Hatari nyingine ni ya kimya. Viatu vya breki vya miaka ile vilivikwa gamba lenye asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta ugonjwa usiopona, tena baada ya miaka mingi. Kwa hiyo usilipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, ukizike kitambaa mbali na kisima. Gamba jipya lisiwe na asbesto.

Kabureta ifunguliwe na vijitundu vyake vipulizwe kwa pampu. Usivichokoe kwa waya, maana tundu likipanuka hata kidogo injini itakunywa petroli bila kiasi. Pointi za umeme zisuguliwe kwa msasa laini, zikiachana kama milimeta 0.4. Wazee waliendesha kwa petroli yenye risasi; petroli hiyo haiuzwi tena popote kwa magari ya kawaida tangu Algeria, nchi ya mwisho duniani, ilipoiacha mwaka 2021. Risasi ile ililinda viti vya valvu, kwa hiyo kagua nafasi za valvu mara kwa mara.

Sasa vijana wataka kuigeuza: mkono mrefu, rangi tatu, sura ya mchezaji wa mpira juu ya tangi. Rangi ni suala la macho, nami siligombei, ingawa nyeusi ya kiwandani ina heshima yake. Lakini kukata fremu nakupinga kabisa, maana fremu iliyokatwa hairudi, na kiungio kibovu hufunguka mlimani ukiwa umempakia mkeo. Geuza kile kiwezacho kurudishwa. Kibebeo kipana cha nyuma ni jambo jema kwa magunia ya mihogo. Umeme wa volti 6 waweza kugeuzwa uwe wa volti 12, na taa zikaangaza njia vema zaidi. Lakini hapo betri, taa, honi na chombo cha kuchaji vyote vibadilishwe pamoja, la sivyo taa zitaungua siku ya kwanza. Vitu vya asili vipakwe grisi na kuwekwa katika sanduku.

Siku ya kwanza usiende mbali. Matairi ya zamani, hata yenye meno mazuri, yasitumike, kwa kuwa mpira uliozeeka hupasuka ghafula. Jaribu breki uwanjani kwa mwendo wa mtu atembeaye. Injini ikiwa na pistoni mpya, usiipe nguvu zote kwa kilometa 500 za mwanzo. Baada ya safari fupi ya kwanza acha ipoe kabisa, ukaze tena bolti za kichwa cha silinda, umwage mafuta, utazame kama yana chembe za chuma zinazong'aa. Ukiziona, usiiwashe tena hadi ujue zimetoka wapi.