Fahamu: Mfalme wa Babeli aliyedai dhahabu yake Misri

Burna-Buriash II alitawala Babeli katika karne ya 14 KK. Alikuwa wa nasaba ya Wakasi, watu waliotoka nje ya Mesopotamia lakini wakaienzi miungu na maandishi ya Babeli, wakatawala takriban miaka 400.

Tunamfahamu hasa kupitia barua zake kwa mafarao, zilizoandikwa kwa Kiakadi kwenye vibao vya udongo na kugunduliwa Amarna, Misri, mwaka 1887. Ni barua zenye uhai wa ajabu. Anamwita farao ndugu, anampelekea farasi na vito vya buluu, kisha anadai dhahabu. Katika barua moja analalamika kwamba mina 20 (kipimo cha uzito) za dhahabu zilipotiwa tanuruni hazikutoka hata mina 5. Katika nyingine amenuna: aliugua, na farao hakutuma mtu kumjulia hali. Mjumbe wa Misri akalazimika kumweleza kwamba nchi yao iko mbali, habari haikufika. Lililo zito zaidi ni madai ya haki kwa wafanyabiashara wake waliouawa Kanaani, nchi iliyokuwa chini ya Misri; anataka wauaji waadhibiwe na fedha iliyoporwa irudishwe.

Alipinga pia Misri kuwapokea wajumbe wa Ashuru, akidai Waashuri ni raia wake. Hata hivyo, Ashuru ilizidi kupata nguvu, na nyumba ya Burna-Buriash ikaungana nayo kwa ndoa. Mrithi wake, mjukuu wa mfalme wa Ashuru, aliuawa katika uasi. Babu huyo, Ashur-uballit I, akaivamia Babeli na kumtawaza Kurigalzu II.