Kuokoa Picha Katika Kadi Iliyoharibika

Mjini Rumonge, yapata kilometa 75 kusini ya Bujumbura, picha ni mali ya nyumba. Tangu Desemba 2007, Burundi ilipoanza kupeleka askari Somalia chini ya Umoja wa Afrika, mtoto aliyezaliwa baba akiwa safarini aliijua sura yake kwa picha kwanza. Na maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda miaka ya karibuni na kuingia katika nyumba za ufukoni, albamu za karatasi zililowa. Zilizosalia ni zile zilizomo katika kadi ya kamera.

Kadi hiyo nayo huugua. Kamera huzimika betri ikiisha katikati ya kuandika picha. Au mtu huichomoa kadi kabla kompyuta haijamaliza kazi. Au umeme hukatika. Ikirudishwa, kompyuta hutangaza kwamba kadi haisomeki, kisha huuliza kama mwenyewe anakubali ifomatiwe. Hapo ndipo picha za harusi hupotea: si kwa ugonjwa wa kadi, bali kwa jibu la haraka. Jibu sahihi ni hapana.

Sababu yake ni rahisi kueleweka kwa watu wa mji wa mawese. Kadi ni kama ghala la mafuta. Madumu yamepangwa kwa safu, na karani anashika daftari lionyeshalo dumu la nani liko wapi. Daftari likichanika, anayelitegemea peke yake atasema ghala ni tupu, ilhali madumu yote yapo mahali pake. Kufomati kwa haraka ni kumpa karani daftari jipya lenye kurasa nyeupe. Na kila picha mpya itakayopigwa baadaye yaweza kuwekwa mahali pa ile ya zamani. Iliyofunikwa hivyo hairudi.

Basi mwenye kadi asipige picha nyingine hata moja. Aitoe katika kamera, na kama ni kadi kubwa ya aina ya SD, akisukume kile kitufe cha ubavuni upande wa kufunga, ili kompyuta isiandike kitu juu yake. Kisha aipanguse shaba zake kwa kitambaa kikavu na kuijaribu katika kisomeo kingine, maana mara nyingi kibovu ni kisomeo. Kadi iliyoanguka majini ikaushwe kivulini siku moja au mbili, wala isianikwe juani au kuwekwa karibu na jiko.

Ikiendelea kukataa, kazi ya kwanza si kuitengeneza, bali ni kuinakili. Programu ya bure iitwayo ddrescue hunakili kadi nzima, pamoja na sehemu zionekanazo tupu, ikawa faili moja ndani ya kompyuta. Penye ubovu huruka, kisha hurudi kujaribu tena. Kadi ya gigabaiti 32 huhitaji nafasi ya gigabaiti 32, hata kama ina picha kumi tu. Afadhali kutumia kompyuta yenye betri yake, isije ikazimika njiani.

Nakala ikipatikana, hutumiwa PhotoRec, programu ya Mfaransa Christophe Grenier, nayo haiuzwi. Hii haisomi daftari kabisa. Hupita ghalani dumu kwa dumu, ikitafuta alama ambazo kila picha ya JPEG huanza nazo. Picha zilizookolewa huwekwa katika kompyuta, kamwe si katika kadi ile ile. Majina yake ya zamani hupotea, zikabaki na namba. Lakini tarehe iliyoandikwa na kamera ndani ya picha huwa imesalia. Iliyokuwa imegawanyika vipande huenda ikatoka uso juu na kijivu chini.

Baada ya hapo ndipo kadi yenyewe itengenezwe. Amri ya CHKDSK ya Windows hurekebisha daftari, lakini kwa kuandika juu ya kadi, na mabaki ya picha huweza kugeuka vipande visivyo na jina. Kwa hiyo mafundi wanaoanza nayo huanzia mwisho. Kadi ikishafomatiwa, ipimwe kwa programu ya H2testw au F3, kwani sokoni zipo kadi za bandia zinazodai ukubwa zisiokuwa nao. Ikiharibika mara ya pili, itupwe. Na ile ambayo kompyuta haiioni hata kidogo haiponi kwa programu. Huhitaji karakana ya wataalamu, tena kwa gharama kubwa.

Liko jambo moja la kuangaliwa na askari na polisi hasa. PhotoRec haichagui: picha zilizofutwa zamani, za kambini au za faragha ya nyumbani, hutoka pamoja na za harusi. Anayeipeleka kadi kwa fundi akae hapo hapo mpaka kazi iishe, na nakala zifutwe katika kompyuta ya fundi mbele ya macho yake. Kadi kuukuu isiuzwe wala kuazimwa kwa kufomatiwa tu. Ijazwe kwanza yote kwa mafaili yasiyo na maana, au ikatwe vipande kwa mkasi.