Ukivunja mkataba wa kuhifadhi shamba, utalipa nini?

MKULIMA akizungushia shamba lake seng'enge, majirani humpongeza kwa kupiga hatua. Lakini katika uwanda wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ua huo huo ungeweza kumkosesha mfugaji pesa za karo.

Mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya wanyamapori ulioanza huko mwaka 2000 uliwalipa wafugaji dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka. Masharti yalikuwa machache: usiweke ua, usichimbe mawe, usiue wanyama. Malipo yalitolewa kwa awamu tatu, zikienda sambamba na mihula ya shule, na yalitegemea kutiiwa kwa masharti hayo. Anayekiuka hahitaji kupelekwa mahakamani. Pesa zake husimama basi. Udhaifu wa mtindo huu ni kwamba pesa zilitoka kwa wafadhili, nao madalali wa ploti walikuwa mlangoni wakiwa na kitita kikubwa zaidi.

Wamarekani wana mtindo mkali kuliko huo, na mkulima yeyote anayeletewa karatasi za uhifadhi atie saini anafaa kuuelewa.

Huko, mwenye shamba hukubaliana na shirika la wakfu wa ardhi kwamba sehemu fulani haitajengwa, haitakatwa miti wala kugawanywa vipande. Shamba hubaki lake. Anaweza kulima, kufuga, kuuza au kurithisha. Yeye hulipwa au hupunguziwa kodi. Lakini ahadi hiyo kwa kawaida haina mwisho, nayo husajiliwa pamoja na hati ya ardhi, ili imfunge kila atakayelimiliki shamba baadaye.

Hapo ndipo matatizo huanzia. Mara nyingi wakiukaji si wale waliotia saini, bali walionunua au kurithi. Aliyetia saini anakumbuka alichoahidi na alicholipwa. Mnunuzi haoni ila mandhari mazuri ya kujengea nyumba.

Kisa kilichotokea Kaunti ya Sonoma, jimbo la California, kinatosha kumtia mtu baridi. Wenye shamba lililokuwa chini ya mkataba wa mwaka 2009 walitaka kupamba nyumba mpya waliyokuwa wakiijenga kwenye ploti jirani. Waliingiza tingatinga, wakachonga barabara katika ardhi iliyohifadhiwa na kung'oa mwaloni mkubwa wenye umri wa miaka ipatayo 180 ili wauhamishe. Mti haukupona, na mingine iliathirika katika shughuli hiyo. Jirani aliona tingatinga likikokota mwaloni akapiga ripoti.

Shirika lililosimamia mkataba lilijaribu kwanza kuzungumza na wenye shamba. Iliposhindikana, likaenda mahakamani. Mwaka 2019 jaji aliamuru walipe zaidi ya dola 586,000 za fidia. Juu ya hizo waliongezewa gharama za mawakili wa upande wa pili, karibu dola milioni 3. Walikata rufaa, wakashindwa mwaka 2021. Ona, msomaji, kwamba gharama za mawakili zilizidi fidia yenyewe mara tano hivi.

Hata hivyo, kesi za namna hiyo ni chache. Makosa mengi ni madogo: kibanda kimevuka mpaka, taka zimetupwa, miti michache imekatwa. Wakfu ulio makini huanza kazi kabla ya kosa. Siku ya mkataba huandika ripoti ya hali ya shamba, yenye ramani na picha, na pande zote mbili huitia saini. Kisha mtu wao hutembelea shamba angalau mara moja kwa mwaka. Bila ripoti hiyo, mwenye shamba atasema barabara ilikuwapo tangu zamani, na nani atambishia?

Kosa likionekana, hutangulia simu au ziara, halafu barua yenye kipengele kilichovunjwa na muda wa kurekebisha. Ikibidi huitwa mpatanishi. Mahakama huja mwisho. Ikiwa aliyeharibu ni jirani au mwizi wa mbao, mwenye shamba na wakfu huweza kusimama upande mmoja dhidi yake, mradi mwenye shamba ametoa taarifa mapema.

Wasichokubali kwa urahisi ni kubadilisha mkataba ili kosa ligeuke halali, kwa kuwa umma ulishalipia ahadi hiyo kupitia nafuu ya kodi. Wala kumaliza kujenga si kinga. Huko Massachusetts, mwaka 2006, mahakama ya rufaa iliunga mkono amri ya kuondoa ghala lililokwisha kusimama kwenye ardhi ya namna hii.

Kwa kuwa kesi huweza kufilisi shirika dogo, mamia ya wakfu hizo ziliungana kuwa na bima yao wenyewe, Terrafirma, iliyoanza mwaka 2013 kugharamia mawakili. Yaani anayedhani atawachosha kwa kuvuta kesi amechelewa.

Kenya nayo ina msingi wa kisheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, kuanzia kifungu cha 112, inairuhusu mahakama kuweka masharti ya uhifadhi juu ya ardhi ya mtu. Masharti hayo husajiliwa, na mwenye ardhi ana haki ya kudai fidia kulingana na hasara aliyopata. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 pia inatambua mikataba hii.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, hakikisha zizi, kisima na nyumba ya mwanao vimetajwa kwa jina kuwa vinaruhusiwa. Uliza ni nani atakayekuja kukagua na kosa litapewa siku ngapi. Piga picha zako mwenyewe, uziweke tarehe. Ukitaka kujenga chochote chenye shaka, omba ruhusa kwa maandishi kabla ya fundi kuchimba msingi.

Anayenunua shamba naye apekue rejista ya ardhi kabla ya kutoa arbuni. Akikuta mkataba wa aina hii, adai nakala nzima pamoja na ripoti ya hali ya shamba, wala asitosheke na maelezo ya dalali.