Petroli Inayojua Kusubiri

Mashine ya boti ikikamata katikati ya Mkondo wa Pemba msimu wa kusi, watu husema imekufa ghafla. Fundi akiifungua huona habari nyingine. Juu ya pistoni, pembeni kabisa karibu na ukuta wa silinda, alumini imeliwa vishimo vidogo vidogo vya kijivu, vikali ukivipapasa kwa kidole. Ringi zimeganda kwa masizi ndani ya mifereji yake, hata uzisukume kwa bisibisi hazichezi. Madhara hayo hayakuingia siku moja. Yalijengeka dumu kwa dumu, na ukiacha njia ya maji ya kupozea kuziba, mara nyingi chanzo ni petroli iliyochakachuliwa au oili ambayo haikutengenezwa kwa mashine ile.

Wengi tunaamini kuwa petroli hulipuka ndani ya silinda. Ikilipuka, kuna kasoro. Inatakiwa iungue kwa mpangilio: plagi inatoa cheche, moto unaanzia pale na kusambaa hadi upande wa pili, na hewa inayotanuka inaisukuma pistoni chini. Safari hiyo ya moto inachukua sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ndani yake kuna mtihani mkubwa. Mchanganyiko ulio mbali na plagi, ambao moto haujaufikia, unabanwa na kuchemshwa na moto unaoujia. Petroli nzuri inasubiri zamu yake. Mbaya inashindwa kuvumilia, inajiwasha yenyewe yote kwa mpigo, na wimbi la mgandamizo linapiga chuma. Kipigo hicho kinafagia utando mwembamba wa hewa unaokinga pistoni na joto. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na moto wa ndani ya silinda unapita hapo kwa mbali. Vile vishimo vya pembeni vinatoka huko.

Kwenye gari dereva anasikia injini ikigonga, akaondoa mguu kwenye mafuta. Kwenye boti kelele za mashine, maji na upepo zinaufunika mlio huo, na nahodha anaendelea kukaza. Ndiyo maana nasema mvuvi ana sababu kubwa kuliko dereva ya kujua kilichomo ndani ya dumu lake.

Elimu hii ya kugonga kwa injini ina deni kwa mafuta ya taa. Mwaka 1916, mjini Dayton, Marekani, Charles Kettering alimpa kijana mhandisi, Thomas Midgley, kazi ya kutafuta kwa nini injini zinagonga. Kampuni ya Kettering iliuza jenereta ndogo za mashambani zilizotumia mafuta ya taa, nazo ziligonga vibaya. Lawama nyingi zilikwenda kwenye cheche, kwamba inawahi mno. Midgley alipopima mgandamizo ndani ya silinda aliona kugonga kunakuja baada ya cheche. Tatizo lilikuwa kwenye mafuta yenyewe.

Kilichofuata kinanivutia kila ninapokifikiria. Yeye na Kettering walikisia kwamba mafuta yakiwa mekundu yatafyonza joto mapema na kuungua kwa utulivu. Midgley alikosa rangi nyekundu inayoyeyuka ndani ya mafuta, akatia iodini. Injini ikatulia. Halafu akajaribu rangi nyingine nyekundu zisizo na iodini, na injini ikaendelea kugonga kama mwanzo. Wekundu haukuwa na kazi yoyote; iliyofanya kazi ni kemia ya iodini. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado wapo wauzaji na wanunuzi wanaoamua ubora wa petroli kwa kuinua chupa juani na kutazama rangi yake. Rangi hutiwa kiwandani, na oili ya kuchanganyia nayo huja na rangi yake. Jicho peke yake halitoshi.

Tarehe 9 Desemba 1921 Midgley na wenzake walipata dawa yenye nguvu kuliko iodini: tetraethili ya risasi. Ilizuia kugonga, na ilitia watu sumu. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey waliokuwa wakiitengeneza walikufa, lakini biashara ikaendelea na watoto wa miji ya dunia nzima wakavuta moshi wa risasi kwa miongo mingi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, na Aljeria ikawa ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari, mwaka 2021. Wazee wachache bado wanaisifu petroli ya zamani kwamba ilikuwa rafiki wa mashine. Ni kweli risasi ilizilinda valvu za injini kongwe za magari, lakini mashine ya boti ya mipigo miwili haina valvu za aina hiyo. Haikupoteza chochote.

Kipimo tunachotumia leo kilizaliwa mwaka 1926, pale Graham Edgar alipochagua vimiminika viwili vya kulinganishia: isooktani, ambayo haigongi kwa urahisi, akaipa 100; na heptani, inayogonga upesi, akaipa 0. Petroli ya namba 93 inagonga sawasawa na mchanganyiko wenye sehemu 93 za isooktani na 7 za heptani. Namba hiyo inapima uvumilivu tu. Kulipia namba kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine hakuongezi mbio hata kidogo. Kushuka chini yake ndiko kunakovunja pistoni.

Mafuta ya taa yako chini kabisa kwenye kipimo hicho. Yana minyororo mirefu ya kaboni, mingi imenyooka, ambayo hukatika na kujiwasha mapema ikibanwa na joto. Kwa muda mrefu yalitozwa kodi ndogo kwa sababu ni nishati ya maskini, na tofauti ya bei ikawa chambo cha wachakachuaji wanaoyatia ndani ya petroli. Tanzania ilipandisha ushuru wake mwaka 2011, Kenya ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili faida hiyo iishe. Zipo mashine za boti zinazokubali mafuta ya taa, zinazotumika sana Sri Lanka na India, lakini hizo zimeundwa zibane mchanganyiko kidogo, na huwashwa kwa petroli kwanza mpaka zipate moto. Ya kwako kama si hiyo, usiige.

Kuna jaribio jepesi la kufanya mbali na moto na sigara, kabla hujatia oili. Dondosha tone moja la petroli kwenye karatasi nyeupe, uliache kivulini dakika chache. Petroli safi inaruka yote na karatasi inabaki kavu. Ikibaki doa la mafuta ambalo halitaki kukauka, kuna kitu kizito ndani. Jaribio hili halikamati uchakachuaji mdogo, ila linakamata ule wa kukufilisi.

Sasa oili, na hapa naona watu wanajiumiza kwa nia njema. Katika mashine ya mipigo miwili, petroli hupita kwanza kwenye chumba cha kranki ikiwa imebeba oili, inalainisha beringi na pistoni, kisha vyote viwili vinachomwa. Kwa hiyo oili hiyo lazima ilainishe vizuri na pia iungue bila kuacha kitu. Oili ya gari, ile namba 40 inayouzwa kila kona, imetengenezwa ikae ndani ya injini kwa miezi. Imetiwa kalisi na zinki za kusafisha na kulinda vyuma, na metali haziungui. Zinabaki majivu juu ya pistoni na kwenye ncha ya plagi, majivu yanapata wekundu wa moto na kuwasha petroli kabla ya cheche. Oili za pikipiki za mipigo miwili na misumeno ya mnyororo nazo zimekusudiwa silinda inayopozwa kwa hewa, yenye joto kali. Mashine inayovuta maji ya bahari inapoa zaidi, na inataka oili isiyo na majivu. Tafuta maandishi TC-W3 kwenye kopo. Usiyaone, rudisha.

Kuzidisha oili ili mashine ipate afya ni kosa jingine. Kabureta inapitisha kiasi kilekile cha kimiminika. Ukiongeza oili, petroli inapungua kwa hewa ileile, na moto unakuwa mkali zaidi. Plagi inaloa na kuwa nyeusi, masizi yanajaa. Mashine nyingi hutaka 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Zipo za 100 kwa 1, ambazo ni mililita 200, na nyingine zikiwa mpya huanzishwa kwa 25 kwa 1. Fuata kitabu chake, pima kwa chupa yenye mistari, changanya kwenye dumu na si ndani ya tangi.

Mashine za mipigo minne sasa zinaongezeka pwani, na zinastahili kupokewa vizuri: zile za zamani za mipigo miwili zenye kabureta zinaweza kutupa baharini karibu robo ya petroli bila kuichoma. Hizi mpya zina oili yake chini ya injini, inayobadilishwa kwa saa za kazi, na kwenye tangi inakwenda petroli tupu. Boti moja ikiwa na mashine za aina zote mbili, madumu yaandikwe kwa rangi kubwa, maana gizani saa tisa za usiku yanafanana.