Nyota zenye kukimbia kundi lao

Tukitazama mbingu usiku twadhani nyota zimekaa tuli. Sivyo. Jua letu lenyewe lazunguka katikati ya Njia ya Maziwa, likipita kilometri 220 hivi kila segonde. Uzito wa kundi zima la nyota ndio unaolishika lisitoroke. Huku kwetu nyota ingepaswa kupita kilometri 500 na zaidi kwa segonde ili iende zake bila kurudi.

Nini kingeweza kuirusha hivyo? Mwaka 1988 Bwana Jack Hills wa Marekani alijibu kwa hesabu tu. Ikiwa katikati ya kundi letu mna shimo jeusi, yaani kitu kizito mno kisichoachilia hata mwanga, na nyota mbili zenye kuzungukana zikalikaribia, shimo litakamata moja, na ya pili itatupwa mbali kama jiwe la kombeo. Alisema kuiona hata moja ya namna hiyo kungekuwa karibu na uthibitisho wa shimo lenyewe.

Ilipasa kungoja miaka 17. Mwaka 2005 Bwana Warren Brown na wenzake walitangaza ya kwanza. Walijuaje mwendo wake? Wenye kukaa karibu na njia ya gari la moshi wanafahamu: filimbi yalia juu gari likija, yashuka likiisha kupita. Mwanga nao ndivyo: ule wa nyota inayotuacha huelekea wekundu, na kadiri ya badiliko yaonyesha mbio zake.

Lakini hiyo yapima kuja na kwenda tu, si kupita kando. Kwa kazi hiyo watu wa Ulaya walirusha chombo Gaia mwaka 2013. Vipimo vyake vya mwaka 2018 vilitahayarisha wengi: kati ya nyota zisizo za moto sana zilizodhaniwa watoro, karibu zote, kumbe, zingali zimefungwa! Wataalamu wakazifuta katika orodha, nasi twawasifu kwa hilo.

Moja haina shaka. Mwaka 2019 waliotumia darubini ya Siding Spring, inchi ya Australia, walitangaza nyota S5-HVS1, yenye kupita kilometri 1,755 kwa segonde. Kwa segonde moja ingetoka Lubumbashi ikapita Kinshasa. Walipofuata njia yake kinyumenyume, iliwafikisha katikati kabisa ya Njia ya Maziwa, penye shimo lenye uzito wa majua milioni nne. Ilitupwa kutoka pale karibu miaka milioni 5 iliyopita, na mwenzake akabaki.