Kruszyniany: lugha ikaenda, msikiti ukabaki



Wakitajwa Waislamu wa Ulaya, wengi wetu huwaza Bosnia, au wahamiaji wa juzi kama sisi. Leo nataka nieleze habari za kijiji kimoja kidogo cha Poland, Kruszyniany, maana kisa chake kinatugusa sisi tunaolea watoto ughaibuni.

Kruszyniany kiko Podlasie, kaskazini mashariki ya Poland, kama kilomita 50 kutoka mji wa Białystok, karibu kabisa na mpaka wa Belarus. Podlasie ni mkoa wa mchanganyiko: kuna Wakatoliki na Waorthodoksi, wasemao Kipolandi na wasemao Kibelarusi. Mayahudi nao walijaa mijini humo mpaka Wanazi walipowaua. Na Watatari wamo pia.

Wamefikaje? Watatari walianza kuhamia Lithuania mwishoni mwa karne ya 14, zama za mtawala Vytautas, wakapewa ardhi nao wakawa askari wake wa farasi. Baadaye Lithuania na Poland zikaungana. Mwaka 1679 mfalme Jan III Sobieski alikuwa akidaiwa mishahara na askari wake wa Kitatari, na hazina haina kitu. Basi akawalipa ardhi badala ya fedha, na Kruszyniany ni sehemu ya malipo hayo, pamoja na kijiji cha Bohoniki.

Msikiti wao upo hadi leo, wa mbao, umepakwa rangi ya kijani. Ukiutazama kwa mbali utadhani ni kanisa, kwani umefuata ufundi wa makanisa ya mbao ya huko, ila juu ya minara yake kuna hilali. Karibu yake kuna makaburi, wenyewe huyaita mizar, na mawe yake yana maandishi ya Kiarabu, ya Kirusi na ya Kipolandi.

Sasa tuje kwenye lugha. Watatari hawa hawasemi Kitatari, na si jambo la jana. Kufikia karne ya 17 walio wengi walikuwa wamekwisha kuipoteza lugha yao. Sababu si ngumu: askari walioa wanawake wa huko, na mtoto hufuata ulimi wa mama, tena wao wenyewe walitoka makundi mbalimbali yenye lahaja mbalimbali, wakatawanyika katika vijiji vidogo vidogo.

Lakini angalieni walichofanya. Walichukua herufi za Kiarabu wakaandikia Kibelarusi na Kipolandi, wakaongeza alama kwa sauti ambazo Kiarabu hakina, sawasawa na walivyofanya wazee wetu wa Lamu na Mombasa walipoandika Kiswahili. Misahafu wakaiandika na tafsiri ya Kipolandi chini ya mistari. Vitabu hivyo vya dua na mafunzo wao wanaviita kitab. Neno letu hilo hilo, jamani!

Kwa hiyo dini ilisalimika kwa kuwa iliwekewa mahali pake: msikiti, makaburi, vitabu, mtu wa kufundisha. Lugha haikuwekewa kitu, iliachiwa nyumba peke yake, na nyumba ikabadilika. Yamebaki maneno machache tu. Idi kwa mfano huiita Bajram.

Baada ya mipaka kuhamishwa mwaka 1945, vijiji vingi vya Watatari viliangukia upande wa Kisovieti. Kruszyniany na Bohoniki vilibaki Poland, na mwaka 2012 misikiti na makaburi yao yaliwekwa katika orodha ya kumbukumbu za kitaifa. Siku hizi familia za Kitatari kijijini ni chache, wengi wamehamia mijini, ila sikukuu hurudi kusali.

Mimi naona funzo liko wazi. Sisi tumefungua madrasa kila tulikofika, Muscat mpaka London, nalo ni jambo jema. Je, Kiswahili tumekiwekea wapi? Tukikiachia nyumba tu, wajukuu wetu watabaki na "bibi" na "pilau".

Nawasilisha. Wajuzi mtaniongezea.